Pazia la Gunia

Wadogo zangu wa ofisi ya wafanyakazi, mliniomba, siku ile ya kuniaga kwa soda na keki, niandike machache kuhusu miaka yangu kiwandani. Nimekubali kwa sababu sasa nina wakati, na mke wangu ameshaniambia kwamba mwanamume anayeshinda nyumbani mchana kutwa ni kama kiti kilichowekwa mlangoni. Vyeo na mishahara nitavipita. Vyeo vyangu mnavijua, na mshahara wangu haukuwahi kumshangaza mtu. Nitaandika hasa juu ya jambo mlilonikumbusha wenyewe, ile karatasi ya maswali mliyotugawia kwenye semina, ya kujua nani mpole na nani mkali, nani hupenda watu na nani hupenda kukaa peke yake, ili tuelewane zaidi kazini. Mlisema ni mtindo mpya. Nilinyamaza kwa heshima, na pia kwa sababu chai ilikuwa imeletwa.

Mtindo huo ulifika Thika nikiwa kijana, miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Lakini acheni nianze mwanzo.

Nilianza kazi Ruiru, si Thika. Mwenye kiwanda, Mhindi tuliyemwita Mzee Devji, alikuwa na depo karibu na stesheni ya reli ya kununulia magome ya miti ya miwati, maana ngozi mbichi haiwi ngozi ya kiatu mpaka ilale kwenye maji ya magome hayo. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe nililolitunza tangu shule. Kufikia saa sita lilikuwa na rangi ya chai kavu, na rangi hiyo haikutoka hata mama alipolichemsha. Nilijifunza upesi. Mkulima mjanja huyanyunyizia magome maji ili yawe mazito kwenye mizani, na dawa yake ni kuvunja kipande karibu na sikio. Gome kavu hulia, bichi hujikunja kimya. Mpaka leo siwezi kupita penye kuni bila kuvunja kijiti kimoja.

Baadaye nikahamishiwa Thika, kiwandani kwenyewe. Sababu haikuwa ustadi wangu. Siku hizo Mkikuyu hakutoka Ruiru kwenda Thika bila kibali cha maandishi, nami nilitakiwa kupeleka hesabu ya magome kila wiki. Mzee Devji alichoka kuniombea kibali, akaona heri nilale huko huko. Nikapewa chumba kwenye nyumba za wafanyakazi, kitanda cha kamba, na jina jipya la Karani. Jina la Karanja lilibaki Ruiru kwa mama.

Kiwanda cha ngozi kwanza ni harufu. Sitawadanganya kwamba mtu huizoea. Mtu huacha kuitaja tu. Ngozi zilifika na chumvi, zikaoshwa, kisha zikatumbukizwa kwenye mashimo ya chokaa yaliyojengwa kwa saruji, ili manyoya yaachie. Baada ya siku kadhaa zilitolewa, zikakwanguliwa nyama na mafuta, ndipo zikaenda kulala kwenye maji ya magome. Aliyenitembeza siku hiyo alikuwa mtu mrefu wa Kalimoni aliyeitwa Baba Wanjiru, kwa jina la binti yake wa kwanza. Hakuwa nyapara. Hata hivyo nyapara mwenyewe, kabla ya kusema neno, alimtazama yeye kwanza. Aliniambia mambo mawili: nisijisugue macho, na nisisimame na mtu nyuma ya stoo tukiongea. La kwanza lilikuwa la chokaa, la pili lilikuwa la serikali.

Kazi niliyopenda kuitazama ilikuwa ya kutoa ngozi shimoni. Ngozi ya ng'ombe mkubwa iliyolowa maji ya chokaa ni mzigo wa watu wanne, kila mmoja na ndoano yake yenye mpini mrefu, wamesimama kwenye ukingo unaoteleza. Wasipovuta pamoja, ngozi hujipinda na kumvuta mmoja wao ndani, na chokaa ile humla mtu ngozi yake kama inavyomla ng'ombe. Ndiyo maana palikuwa na wito. Mmoja aliita, "Ngozi," na wengine wakaitika, "Njoo," na kwenye lile neno la pili wote wakavuta. Ngozi, njoo. Ngozi, njoo. Nilikuwa naandika hesabu ofisini nikiusikia, na kalamu yangu ikaanza kufuata. Kidole kimoja hakivunji chawa, na pale shimoni hakikutoa ngozi hata ya mbuzi.

Sasa lazima niseme kidogo juu ya siku zile, kwa sababu ninyi mlizaliwa baadaye na mnazijua kwa mtihani wa historia. Palikuwa na kitu kilichoitwa skrini. Askari waliuzunguka mtaa asubuhi, wanaume wakachuchumaa kwa mistari, kisha mmoja mmoja akapitishwa mezani na kuulizwa. Umekula kiapo cha Mau Mau? Rafiki zako ni akina nani? Mnakutana wapi? Aliyetoa jibu tofauti na la jirani yake alijiponza yeye na jirani. Watu wakajifunza kwamba jibu liwe moja, na liwe fupi. Baada ya meza ulipita mbele ya mtu aliyevikwa gunia kutoka kichwani mpaka kiunoni, lenye matundu mawili ya macho. Tulimwita gakunia. Hakusema kitu. Akitikisa kichwa, ulipandishwa lori. Ndugu yake Baba Wanjiru alitikisiwa kichwa, na wakati ninaousimulia alikuwa bado hajarudi.

Kwa hiyo kiwandani watu waliacha kuongea. Wito wa shimoni ulibaki, kwa sababu ule ulikuwa kazi. Mengine yote yalikauka. Wa shimoni hawakuwaambia wakwanguaji kwamba ngozi fulani imekaa chokaani kupita kiasi, wakwanguaji wakaichana, kila upande ukaulaumu mwingine kwa macho. Hasara ikaonekana. Mzee Devji alifoka, ndivyo alivyojua kuongoza, na kufoka kukawa na faida ileile ya kulifokea gome bichi.

Ndipo akarudi mwanawe, Kirit. Alikuwa amesoma Uingereza, na badala ya kurudi na udaktari kama mama yake alivyowaahidi majirani, alirudi na elimu ya tabia za watu kazini. Alizaliwa Thika, akacheza Thika, Kiswahili chake kilikuwa kama chetu. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye kusema samahani kwa mtu aliyemkanyaga yeye. Nilimpenda, na ninasema hivyo waziwazi, kwa sababu mengine nitakayoyasema yanaweza kumfanya aonekane mjinga, na hakuwa mjinga. Alinieleza kwamba ugomvi wa kazini hutoka katika tabia zisizojuana. Mkali akiwekwa na mkali, moto. Mpole akiwekwa na mpole, kazi hulala. Ukimwuliza kila mtu maswali ya kutosha utajua ni wa aina gani, kisha unawapanga kama ukuta, jiwe kubwa na dogo. Sikuona kosa katika maneno hayo, wala silioni leo.

Alisisitiza jambo moja: siri. Mtu hawezi kusema kweli mbele ya wenzake, alisema, kwa hiyo kila mmoja aulizwe faraghani. Akachagua stoo ya magome. Akaweka meza, kiti cha mfanyakazi, na kigoda changu mimi wa kusoma maswali kwa Kiswahili na Kikuyu. Na kwa kuwa stoo haikuwa na mlango, akatundika pazia kwa mikono yake mwenyewe, akaliangalia kwa furaha. Lilikuwa la magunia yaliyoshonwa pamoja. Lilikuwa na matundu.

Nilimwambia, kwa adabu ya wakati ule, kwamba pazia lile halifai. Akafikiri naona ni chafu, akaleta magunia mapya.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema lolote kuhusu kuulizwa. Wa kwanza kuitwa alikuwa Baba Wanjiru. Alisimama mbele ya pazia kwa muda, kisha akaingia akiwa ameinamisha kichwa, akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu ambaye hatakaa sana. Nikasoma. Je, unapenda kukaa na watu wengi? Hapana. Je, watu hufuata unalosema? Hapana. Je, una rafiki unayemwambia mambo yako? Hapana. Je, unamkasirikia mkubwa wako? Hapana. Je, kuna mtu kazini unayemwogopa? Alimtazama Kirit, akalitazama pazia nyuma ya Kirit, akasema hapana. Kila jibu lilipotoka Kirit aliweka alama kwa kalamu, akatabasamu ili kumtia moyo. Ningeweza kumwambia kwamba tabasamu na alama ya kalamu ndivyo vilivyokuwa vibaya kuliko vyote, ila hakuwa amebakiza nafasi ya mtu kumwambia kitu.

Saa nne ilikuwa ya uji. Baba Wanjiru alikunywa wake amechuchumaa kando ya shimo, wenzake wamemzunguka, na sikumwona akifungua mdomo ila kwa uji. Lakini baada ya hapo kila aliyeingia stoo alijibu maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, hata kwa kulitazama pazia kulekule kabla ya kujibu swali la kuogopa. Wakwanguaji nao vivyo hivyo, wale wasiosemezana na watu wa shimoni. Nilisoma mpaka sauti ikakauka. Hapana ilinijia masikioni hata nilipokuwa nakula.

Mtu mmoja hakuwa kwenye uji. Otieno, kijana aliyetoka upande wa Nyanza, alikuwa amefika kazini muda si mrefu, na siku hiyo alikuwa uwanjani akilinda ngozi zilizoanikwa. Kwao hakukuwa na skrini. Aliitwa mwisho. Akaketi akaegemea, akapandisha mguu juu ya mwingine, akajibu kama mtu aliyekaribishwa sebuleni. Anapenda watu wengi? Sana, na wakileta gitaa zaidi. Watu humfuata? Kwao alikuwa nahodha wa mpira. Hukasirika? Hukasirika, lakini akishakula chakula hasira inaisha. Kuna anayemwogopa? Mke wake, ambaye amefika juzi na mtoto na ameshahamisha kitanda mara mbili. Kirit akacheka kwa sauti. Otieno akacheka. Nami nilicheka kidogo, na nje ya pazia wakasikia.

Kesho yake Kirit alitandaza karatasi mezani kwa baba yake. Alikuwa amechanganyikiwa. Kiwanda kizima, alisema, kimejaa watu wasiopenda watu, wasio na rafiki, wasiokasirika, wasiotaka kuongoza, wasioogopa kitu duniani. Mzee Devji alizipitia karatasi polepole, moja juu ya nyingine, kisha akavua miwani.

"Ulitaka kujua kama hawa wanaweza kufanya kazi pamoja," alisema. "Si wamekujibu?"

Kirit hakumwelewa, au alielewa na hakutaka kuamini. Alikuwa kama mchimba kisima aliyekuta mwamba kila mahali isipokuwa sehemu moja yenye unyevu. Akaishika karatasi ya Otieno. Huyu, alisema, ndiye mtu pekee mwenye tabia ya uongozi. Nyapara wa shimoni alikuwa ameacha kazi, basi Otieno akapewa unyapara. Alidhani anamtendea wema.

Tazameni kwa macho ya watu wa shimoni. Mtu ameingia nyuma ya gunia, ameulizwa juu ya rafiki na hasira, amecheka na mwana wa tajiri, na kesho yake amepewa cheo. Hawakuhitaji kuambiwa. Hakuna aliyemtukana wala kumgusa. Walichofanya ni kidogo sana. Otieno alisimama ukingoni asubuhi hiyo, akashika ndoano, akaita, "Ngozi."

Hawakuitika.

Walivuta, kila mmoja kwa wakati wake. Ngozi ikapanda, ikajipinda, ikarudi. Akaita tena, ikawa vilevile. Kutwa nzima nilisikia neno lile moja likitoka peke yake, na kalamu yangu haikujua la kufanya. Ikawa hivyo siku iliyofuata, na iliyofuata. Wakati wa uji aliketi, nao wakainuka. Alinijia ofisini akaniuliza amekosa nini, nikamweleza habari za gakunia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema sasa anaelewa kwa nini mke wake kisimani mtaani hapewi nafasi ya kuteka maji, na kicheko chake chote kilikuwa kimemtoka. Niliumia kumwona hivyo. Mtu mwenye furaha akizimika, hata mahali penye harufu kama pale panazidi kunuka.

Kabla ya wiki kwisha ngozi moja ilijipinda upande wake. Wengine walikuwa wameshaachilia, yeye hakuwa amejua. Aliteleza akaingia shimoni mpaka paja. Baba Wanjiru ndiye aliyemshika ukosi na kumtoa, kwa haraka kuliko nilivyowahi kumwona akifanya chochote, na ndiye aliyemwagia maji ndoo baada ya ndoo. Kisha akageuka akaenda zake bila kusema pole. Kirit akampeleka Otieno zahanati kwa gari lake, jambo lililowafanya walioshuhudia watazamane tena.

Mzee Devji akatoka ofisini, akasema yake. Mpaka Jumamosi, ama shimo lifanye kazi na nyapara huyu, ama nyapara aende. Hakuwa mkatili, alikuwa na ngozi zinazooza. Lakini Otieno akienda, chumba nacho kingekwenda, maana kilikuwa cha kiwanda, pamoja na mke na mtoto ambao hawakuwa hata wamejua njia ya sokoni. Na barua ya kusema alifukuzwa kwa kushindwa kuongoza ingemfuata popote alipobisha hodi. Kirit alijitolea kumhamishia kwenye ukaushaji. Otieno akakataa. Alisema akihama, watu wa shimoni wataona kwamba walimdhania kweli.

Ijumaa saa ya uji akaja, mguu umefungwa kitambaa, akasimama mbele ya Kirit uwanjani, watu wote wakiwepo. Mfanyakazi hakusema na mwana wa tajiri namna ile siku zile.

"Bwana Kirit," akasema, "mimi uliniuliza maneno mingi nyuma ya gunia, nikakujibu yote. Sasa hawa wanafikiri niliuza mtu. Kama hiyo maneno ni nzuri, wewe pia ulizwa. Hapa nje, wasikie."

Masikio ya Kirit yalikuwa mekundu. Kisha akaingia stoo, nasi tukasikia kamba zikikatika, akatoka na pazia lote mikononi, akalitupa kwenye rundo la magunia. Akarudi akaleta kiti, kile kile, akakiweka kando ya shimo, akaketi. Akanipa karatasi.

Nilisoma kwa Kiswahili, kisha kwa Kikuyu, kama nilivyowasomea wao. Unapenda kukaa na watu wengi? Akasema hapana, anapenda kitabu na chumba chenye mlango. Mtu akakohoa. Watu hufuata unalosema? Akasema hawamfuati, na tangu arudi amejua hilo zaidi. Una rafiki unayemwambia mambo yako? Alikuwa naye mmoja, amebaki Uingereza. Watu walikuwa wameacha uji. Ulikuwa unapoa kwenye mikebe na hakuna aliyeutazama.

Ndipo Baba Wanjiru akasema, naye, ukiondoa zile hapana zake za stoo, hakuwa amesema neno mbele ya Wahindi tangu ndugu yake achukuliwe.

"Karani, soma ile ya kuogopa."

Nikasoma. Je, kuna mtu kazini unayemwogopa?

Kirit aliinua macho. Nyuma yetu, kwenye mlango wa ofisi, Mzee Devji alikuwa amesimama na miwani yake mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Kirit alimwona, na sote tukaona kwamba amemwona. Ilikuwa rahisi kusema hapana. Kila mtu pale, isipokuwa Otieno, alishasema hapana kwa swali hilohilo, na kila mtu alijua thamani ya hapana ile.

"Ndiyo," akasema. "Namwogopa huyo mzee amesimama hapo mlangoni. Tangu nikiwa mtoto."

Hakuna aliyecheka. Ninyi mmezoea watoto wanaowajibu wazazi wao kwenye redio. Sisi tulikuwa tumesikia kijana wa nyumba ya heshima akimtaja baba yake mbele ya wafanyakazi, na baba yupo, na ni yeye anayeshika funguo za kila kitu. Nilitazama chini. Nilisubiri kufoka.

"Hiyo karatasi imebaki na maswali?" Mzee Devji akaniuliza.

Nikasema yamebaki.

"Basi maliza. Na mimi nataka kusikia."

Nikamaliza. Sikumbuki majibu mengine, na nadhani hakuna aliyeyakumbuka. Kirit alipoinuka kitini, Baba Wanjiru alimgeukia Otieno. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu siku ya kicheko.

"Na wewe, kwa nini ulimwambia?"

"Aliniuliza," akasema Otieno. "Kwetu mtu akikuuliza, unamwambia. Sikujua hapa kuulizwa ni kesi."

Baba Wanjiru aliyafikiria maneno hayo. Akamwaga uji uliobaki, akasuuza mkebe wake, akauangika mahali pake. Halafu akaenda ukingoni akachukua ndoano, na wengine wakamfuata. Otieno akachechemea mpaka nafasi yake. Mimi sikurudi ofisini. Nilipaswa kurudi, lakini nilitaka kuona.

"Ngozi," Otieno akaita. Hakuita kwa nguvu. Aliita kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo amewahi kufukuzwa.

Maji ya chokaa yalikuwa yametulia. Nilimwona Baba Wanjiru akipanga miguu yake, macho yake shimoni.

"Njoo," akasema.

Wengine wakaitika nyuma yake, na ngozi ikaja.

Otieno alikaa na shimo lile mpaka mtoto wake wa mwisho akamaliza shule. Ndugu yake Baba Wanjiru alirudi, amekonda, na wa kwanza kumpokea lango la kiwanda alipokuja kutafuta kazi alikuwa Otieno. Kirit hakuuliza tena maswali nyuma ya kitu chochote. Zile karatasi za mwanzo, zenye hapana za kiwanda kizima, alizipeleka mwenyewe kwenye moto wa kuchemshia maji akazisubiri ziungue, na sikumwuliza kwa nini. Siku hizo karatasi yenye majina ilikuwa na njia zake za kufika kwenye meza ya skrini.

Msinielewe vibaya. Sisemi karatasi yenu haina kazi. Baadaye mimi mwenyewe, nikiwa na ofisi yangu, niliwauliza watu mambo mengi ya namna hiyo, na nikawapanga kwa majibu yao, na mara nyingi ikafaa. Ninachosema ni kwamba mliigawa mkiwa mmesimama, sisi tumeketi, na mkakusanya majibu yetu mkayaweka kwenye bahasha. Karatasi yangu hamkuipata. Mlidhani mzee amesahau.

Iko hapa mezani, haijaandikwa kitu. Nyumbani kwangu Ruiru mnapajua, na viti vipo. Njooni siku yoyote, mkae mmoja mmoja hapa uani niwaulize maswali yenu yaleyale, mke wangu na majirani wakisikia. Mkishamaliza kunijibu, nami nitaijaza.